Mwamba Ulio Chini ya Nyumba Zetu

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakaazi wa wadi ya Mlandege juu ya ramani za miamba, maji ya visima, na uchimbaji wa misingi na makaro



Nimetakiwa na Baraza nizungumze juu ya ardhi. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiri mipaka ya viwanja na hati miliki. Mimi nitazungumza juu ya ardhi isiyo na hati, ile iliyolala chini ya udongo, chini ya misingi na chini ya makaro, ambayo hakuna aliyeirithi wala aliyeiuza. Naanza na suala moja ambalo kila mtaa wa hapa umewahi kuliuliza. Mtu anachimba karo la choo uani kwake. Jirani yake, hatua kumi na tano tu kutoka hapo, ana kisima alichoachiwa na babu yake. Je, yatakayoingia katika karo yatafika kisimani au hayatafika? Mafundi wawili hutoa majibu mawili, kila mmoja akaapa. Jibu la kweli linategemea jiwe lililo baina ya mashimo hayo mawili: ni jiwe gani, limepasuka au ni zima, limelala sawa au limeinama. Elimu ya kulijibu suala hilo ndiyo jiolojia, na chombo chake kikubwa ni ramani ya miamba.

Ramani tuliyoizowea huonesha njia, majumba na pwani. Ramani ya miamba hufanya kinyume. Huondoa majumba, miti na udongo, ikaonesha jiwe tu, kila aina kwa rangi yake, pamoja na alama ndogo zinazoeleza jiwe hilo limeinamia upande gani na kwa kiasi gani. Ramani ya kwanza ya namna hii ya nchi nzima ilichapishwa Uingereza mwaka 1815 na mtu aitwaye William Smith, ambaye hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mpimaji wa mifereji. Alitaka kujua mfereji utakaochimbwa utashika maji au utayavujisha, na kwa haja hiyo ya kifundi akazunguka nchi miaka mingi akiandika mawe aliyoyaona. Malipo aliyoyapata ni kufungwa kwa madeni mwaka 1819. Nawatajia habari zake ili ijulikane kwamba elimu hii ilitoka shimoni, mikononi mwa watu wa kazi, kabla ya kuingia darasani.

Sasa nitawaomba tutoke Mlandege kidogo tuvuke bahari, kwani habari za mawe ya Unguja haziwezi kuanza Unguja. Zinaanza katika milima.

Kutoka Tanga hadi Morogoro, nyuma ya uwanda wa pwani, imesimama milima ambayo wengi wetu tumeipita kwa basi bila ya kuiuliza chochote: Usambara, Nguru, Uluguru. Uluguru inapanda zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mawe yake si mawe ya volkeno kama ya Kilimanjaro, wala hayakuwa mawe ya bahari kama yetu. Ni miamba geu, maana yake ni mawe yaliyokuwa kitu kingine, kisha yakageuzwa. Yalizamishwa ndani ya ardhi, kina cha zaidi ya kilomita 30, katika joto la nyuzi zipatazo 800, yakabanwa baina ya mabara mawili yaliyokuwa yakigongana. Hayo yalitokea miaka ipatayo milioni 640 iliyopita. Mawe hayo hayakuyeyuka yote, lakini yalilainika, yakakunjwa na kunyooshwa kama unga.

Mama zetu wataelewa mara moja. Anayesukuma chapati hulisukuma donge, akalipaka mafuta, akalikunja, akalizungusha, akalisukuma tena. Chapati ikiiva, ukiichana, unaona matabaka mengi membamba. Hayakuwekwa moja moja. Ni donge moja lililokunjwa juu ya nafsi yake. Mtu asiyejua kupika akihesabu matabaka hayo atasema mpishi alisukuma chapati ishirini nyembamba akazipanga. Hilo ndilo lililo gumu katika kuchora ramani ya milima iliyokunjwa. Unatembea kutoka mto huu hadi mto ule, unakuta jiwe jeupe, kisha jeusi, kisha jeupe, kisha jeusi. Je, ni mawe manne, au ni mawili tu yaliyokunjwa? Ukikosea hapo, ramani yako yote ni uongo wa rangi nzuri.

Wachoraji hukata shauri kwa kupima. Kila wanapokuta jiwe tupu, ambalo halikufunikwa na udongo, huandika mambo mawili: jiwe limekabili upande gani, na limeinama kwa nyuzi ngapi. Kwa hayo hawahitaji zaidi ya dira na kipima mwinamo. Wana nyundo ya kuvunjia jiwe ili waone ndani, maana uso wa jiwe huchakaa na kudanganya. Wana kioo cha kukuzia. Wana kichupa cha asidi, nitakuja kuwaeleza cha nini. Vipimo vikishakuwa mamia, mikunjo huanza kujitokeza katika karatasi, na yale mawe manne yakawa mawili.

Katika Uluguru kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu mlima umefunikwa na misitu na udongo mzito mwekundu. Jiwe tupu huonekana kwenye mito, kwenye maporomoko na pale barabara ilipokata mlima, na kwengineko mchoraji hukisia kwa rangi ya udongo. Idara ya jiolojia iliundwa Tanganyika katika miaka ya 1920, na makao yake yakawa Dodoma, ambako hadi leo ndiko iliko Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Nchi iligawanywa vipande vya mraba, na kila kipande kikatolewa karatasi yake ya ramani, kwa kipimo cha 1:125,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita moja na robo ya ardhi. Mwaka 1964 walitoka wachunguzi wawili, Sampson na Wright, na kitabu kizima juu ya jiolojia ya milima ya Uluguru pekee. Na kabla yao, mwaka 1951, Arthur Holmes, Muingereza ambaye ujanani alikwenda Msumbiji kutafuta madini akarudi na malaria, alitoa rai kwamba mawe haya yaliyokunjwa ya mashariki mwa Afrika ni ya ukanda mmoja mrefu. Akauita Ukanda wa Msumbiji. Jina hilo ndilo linalotumika duniani kote mpaka leo.

Mtauliza, sisi watu wa kisiwa yanatuhusu nini hayo? Yanatuhusu, na ushahidi umo ndani ya kuta zetu wenyewe.

Chukueni mchanga wa kujengea, ule mwekundu au wa rangi ya maziwa unaochimbwa mashamba ya kaskazini mwa kisiwa. Uwekeni kwenye kiganja. Chembe zake ni ngumu na zinang'ara kama vigae vya kioo. Hiyo ni kwazi. Kisha chukueni mchanga mweupe wa pwani ya mashariki. Huo ni vipande vya matumbawe na makombe. Kamulieni ndimu juu ya mchanga huu wa pili, au tieni siki: utatoa povu. Juu ya ule wa kwanza hakutokei kitu. Hicho ndicho kichupa cha asidi nilichokitaja. Mchoraji humwagia jiwe tone moja, na povu likitoka anajua kwamba ni jiwe la chokaa.

Sasa, matumbawe hayazai kwazi. Hakuna mdudu wa baharini katika maji yetu anayejenga nyumba yake kwa chembe hizo kubwa za kioo. Unguja haina mlima wa mawe ya moto wala wa mawe geu. Mchanga huo, kwa hivyo, ni mgeni, na mgeni huyo alikuja kwa mto. Milima ya bara ilipokuwa ikiinuka na mvua kuila, mito iliubeba mchanga wake na kuumimina baharini, miaka milioni nyingi kabla ya kuwapo binadamu. Mto Ruvu wa leo bado unaanzia Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo, ukituelekea sisi. Mito ya zamani iliyoutangulia ilijaza mchanga na udongo katika bahari hii yenye kina kifupi, na marundo hayo yaliyogandamana ndiyo leo vilima vya magharibi mwa kisiwa chetu, Masingini na vyenzake, vinavyofika mita zipatazo 120 tu. Kwa hivyo ninaposema milima ya Uluguru ipo Unguja, siongezi chumvi. Ipo, lakini imekuja ikiwa imesagwa.

Aliyeyaandika haya kwa mpango kwa mara ya kwanza ni mtaalamu wa jiolojia aitwaye Stockley, aliyezunguka Unguja na Pemba mnamo 1925 na 1926. Alikusanya makombe na wanyama wa baharini waliogeuka mawe, wakapelekwa kwa wataalamu kutambuliwa umri wao. Matokeo ya makombe yalichapishwa mwaka 1927, na ripoti yake juu ya jiolojia ya visiwa vyote ikatoka mwaka 1928. Karibu miaka mia imepita. Wanaochimba visima leo bado wanaanzia kwenye mgawanyo aliouweka yeye: vilima vya mchanga na udongo wa kale upande wa magharibi, na mawe ya matumbawe yaliyo machanga zaidi upande wa mashariki na kusini. Wakulima wetu walikuwa wakiujua mgawanyo huo bila ya nyundo. Waliugawa udongo wa Unguja kwa majina yao: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni. Asemaye "hapa maweni" ameshachora nusu ya ramani. Stockley alikuja akaipa namba.

Katika miaka ya 1950 walikuja watafutaji wa mafuta wakatoboa kisima Unguja kilichokwenda chini zaidi ya mita 4,000. Mafuta ya kuuzika hayakupatikana. Kilichopatikana ni habari: mita zote hizo, mchanga, udongo na mawe ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, na mpaka walipoacha walikuwa hawajaugusa ule mwamba mgumu uliokunjwa ambao Uluguru umesimama juu uchi. Mwamba huohuo ambao Morogoro mtoto anaukalia akilisha mbuzi, hapa umezama kilomita nyingi chini ya miguu yetu. Baina yetu na wao ardhi imekatika kwa nyufa kubwa, upande mmoja ukapanda na mwengine ukashuka. Pemba ni ushahidi mwengine wa nyufa hizo. Baina ya Pemba na bara bahari ina kina cha zaidi ya mita 800, ilhali baina ya Unguja na bara ni maji mafupi tu. Wakati wa baridi kuu ya dunia, miaka ipatayo 20,000 iliyopita, maji ya bahari yalishuka mita zipatazo 120, na mtu angeweza kutoka Unguja hadi Bagamoyo kwa miguu. Katika pango la Kuumbi karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia na nyati. Wanyama hao hawakuja kwa jahazi.

Nimekaa sana kwenye milima na bahari. Sasa narudi mjini, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi.

Jiwe la matumbawe ni jiwe zuri. Mji Mkongwe wote umejengwa kwa jiwe hilo, na chokaa iliyolishikanisha ni jiwe hilohilo lililochomwa tanuuni. Lakini lina tabia moja. Mvua inaposhuka hubeba hewa ya ukaa, ikawa na ukali kidogo, kama ule wa ndimu ila ni mdogo sana. Ukali huo huliyeyusha jiwe la chokaa, kidogo kidogo, miaka maelfu, hadi vijishimo vinakuwa mianya, na mianya inakuwa mapango. Pango la Mangapwani limefanyika hivyo, na Kuumbi vilevile. Ndiyo maana mito midogo inayoshuka vilimani ikifika kwenye mawe hupotea ardhini, na ndiyo maana katika kusini na mashariki ya kisiwa huoni mto. Maji yapo, lakini yanakwenda chini.

Maji yaendayo katika mchanga hupenya baina ya chembe, taratibu, na njiani huchujwa. Maji yaendayo katika jiwe la matumbawe lililopasuka hayachujwi. Yanapita katika mwanya kama yapitavyo katika mfereji. Vitabu vya afya hushauri umbali wa mita 30 baina ya choo cha shimo na kisima. Katika udongo wa kichanga ushauri huo unafaa. Katika jiwe lenye mianya, mita 30 huenda zisiwe kinga hata kidogo, kwa sababu maji machafu hayasafiri kwa mstari ulionyooka tuupimao kwa utepe, bali yanafuata ufa. Karo linaweza kumsalimisha jirani wa ukuta kwa ukuta na likamdhuru aliye nyumba ya nne. Kwa hakika hapa petu mita 30 zenyewe hazipo. Nyumba zetu zimeshikana mabega. Ushauri wa vitabu umeandikwa kwa ajili ya watu wenye nafasi.

Juu ya hilo kuna bahari. Katika kisiwa kama chetu maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya jiwe, kama mafuta juu ya maji, kwa sababu ni mepesi zaidi. Hesabu yake ni ya kustaajabisha. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita zipatazo 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hiyo ni neema kwa walio katikati ya kisiwa. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili: ukiyashusha maji kwa mita moja kwa kuyavuta kwa pampu, chumvi baada ya muda itapanda mita 40 kuja kuchukua nafasi. Na sisi tulio karibu na pwani hatuna hata mita moja ya ziada. Kisima kilichokuwa kitamu zama za bibi, leo kina magadi, na watu husema kisima kimerogwa. Hakikurogwa. Kimezungukwa na pampu.

Wazee wa zamani walilijua tatizo hili la mji. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta maji mjini kwa mfereji kutoka Chemchem, mbali na mji, pale ambapo maji ya mvua yaliyopenya vilimani yanatoka yenyewe safi. Hadi sasa mji unategemea sana chemchem na visima vya upande huo. Maji tunywayo Mlandege, basi, yamechujwa na ule mchanga wa mto wa kale. Kwa sababu hiyo kila lori la mchanga linalochotwa kiholela kule vilimani na mashambani linatugusa sisi wa mjini mara mbili: tunapoteza mchanga, ambao mto wa kuuleta umekwisha kukatwa na bahari na hautarudi, na tunapoteza chujio. Sisemi tusijenge. Nasema mchanga wa Unguja una idadi, ingawa hakuna aliyeuhesabu chembe kwa chembe, na anayejaza uwanja kwa mchanga wa kujengea mahali ambapo kifusi kingetosha, anafuja mali asiyoweza kuilipa.

Nakuja kwenye ardhi ya Mlandege yenyewe. Majina yetu yamehifadhi ramani. Darajani paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja, na daraja halijengwi mahali pakavu. Ng'ambo ikaitwa ng'ambo kwa sababu ilikuwa ng'ambo ya maji. Mkondo wa bahari uliingia kutoka Funguni ukauzunguka mji kwa nyuma, na maji yakijaa Mji Mkongwe ulikuwa kama kisiwa. Bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne wakati wa bamvua, kwa hivyo mkondo huo haukuwa mchezo. Ulifukiwa kipande kwa kipande katika karne ya 20, na kufikia miaka ya 1950 kazi ilikuwa imekwisha. Juu yake zikapita njia, bustani, viwanja na maduka.

Wadi yetu, kwa hivyo, imekaa juu ya ardhi za namna mbili. Sehemu imekaa juu ya ukingo wa kale, yaani jiwe na udongo wa asili. Sehemu ya magharibi inayoelekea Darajani imepakana na ardhi iliyofukiwa, ambayo chini yake ni tope la pwani, makombe, taka za zama hizo, na maji ya bahari yanayopumua kwa kupwa na kujaa. Nyumba iliyo nusu huku na nusu kule ina msiba wake. Upande ulio juu ya jiwe unabaki, upande ulio juu ya kifusi unazama kidogo kila mwaka, na ukuta unapasuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha. Fundi hupaka saruji, mwaka wa pili ufa unarudi. Kwa nyumba ya chini hilo ni kero. Kwa nyumba ya ghorofa tatu au nne, kama zinazopandishwa sasa kila upande, si kero tena, ni hatari, na lawama haiwezi kutupiwa saruji wala nondo wakati msingi haukuulizwa umesimama juu ya nini. Gharama ya kutoboa matundu mawili matatu ya kupimia ardhi kabla ya kujenga ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya ghorofa moja. Nashangaa kwamba mtu humwita fundi wa vigae vya sakafu kutoka mbali, na hamwiti mtu wa kumwangalizia jiwe.

Kuhusu makaro, nitasema wazi. Katika ardhi iliyofukiwa maji yako karibu mno. Karo lisilo na sakafu, ambalo tunalisifu kwamba "halijai", halijai kwa sababu linamwaga, na linamwagia katika maji yaleyale yaliyo kisimani. Kanuni ni kwamba tako la shimo liwe juu ya usawa wa maji kwa mita moja na nusu angalau, usawa huo ukipimwa wakati wa masika na maji ya bahari yakiwa yamejaa, wala si wakati wa kiangazi. Pale ambapo kipimo hicho hakiwezekani, na sehemu nyingi za upande wa Darajani hakiwezekani, karo liwe la kuzibwa chini na pembeni, na linyonywe na gari likijaa. Najua kunyonya kuna gharama. Kipindupindu pia kina gharama, na sisi watu wa mji huu tumeshailipa zaidi ya mara moja. Na maji ya visima vya hapa mtaani, hata yakiwa maangavu kama machozi, yawe ya kufulia na kudekia. Anayelazimika kuyanywa ayachemshe.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo ombi langu. Nimeeleza kwamba mchoraji wa milima hukosa raha kwa sababu jiwe limefunikwa na msitu, akalazimika kungoja mto au barabara imfunulie. Sisi tumefunikwa na saruji. Lakini kila wiki katika wadi hii mtu mmoja huchimba: msingi, karo, kisima, shimo la nguzo. Kwa siku mbili tatu ardhi inakuwa wazi, kisha inafunikwa tena kwa miaka hamsini, na hakuna aliyeandika kitu. Mashimo mia moja yakiandikwa, tutakuwa na ramani ya mwamba wa Mlandege iliyo bora kuliko yoyote anayoweza kutuchorea mtu kutoka nje, na tutajua mpaka wa mkondo wa zamani umepita kwenye kichochoro kipi. Ramani ya mji ya mwaka 1892 inatuonesha mkondo ulivyokuwa, na Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kuzitazama ramani za kale. Zinachora maji. Zilichobakisha ni kina.

Napendekeza pawe na daftari katika kila ofisi ya sheha. Si la kutoza faini wala la kumsimamisha mtu ujenzi, maana likiwa hivyo hakuna atakayeandika. Achimbaye aandike nyumba ilipo, tarehe, na hali ya bahari siku hiyo, imejaa au imepwa. Aandike alichokikuta kwa maneno yetu ya kawaida: kifusi hadi futi ngapi, kisha tope jeusi au la, kisha kichanga au kinongo, kisha jiwe. Jiwe likiwa na mianya aseme lina mianya. Maji yakionekana aandike yalionekana kwa kina gani, na yalikuwa matamu au ya chumvi. Akiweza, avunje kipande cha jiwe cha ukubwa wa ngumi akiweke katika mfuko pamoja na karatasi yenye tarehe. Watoto wa skuli wanaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko sisi, kwani wao wanapenda kuingia mashimoni hata bila ya kutakiwa.

Nimekuja na vipande vitatu hapa mezani: kimoja gnaisi ya Uluguru, mtaona mistari yake iliyokunjwa na vijipande vya ulanga vinavyometameta, kimoja mchanga ulioganda kutoka vilimani kwetu, na kimoja jiwe la matumbawe lililotolewa katika msingi usio mbali na hapa. Ndimu zipo katika sahani. Karibuni mjaribu wenyewe, na wenye masuala waanze na wazee waliosimama nyuma.